Nyirinyiri Ndani ya Klachi

Jirani yangu wa mtaa wa Waberi hakumwamini fundi yeyote aliye hai, na wale waliokufa aliwatilia shaka vilevile. Garissa nzima ilimwita Mwalimu. Walimu tulikuwa wengi, nami nilikuwa mmoja wao, tena katika shule hiyohiyo, lakini ukisema "Mwalimu" sokoni au msikitini watu walijua unamsema nani. Mimi niliitwa "yule mama wa Voi anayefundisha", na kwa miaka tisa sikupandishwa cheo.

Sitasema alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Kule hayo ndiyo maswali ya kwanza, unaulizwa na kila mtu kuanzia muuza maziwa hadi askari wa kizuizi cha darajani, na Mwalimu aliyachukia. Askari akimuuliza ukoo wake, alijibu, "Hisabati na Sayansi, darasa la sita hadi la nane." Jibu hilo lilimfanya akae kando ya barabara saa nzima, na safari iliyofuata alilirudia vilevile.

Mfukoni mwa shati lake palikuwa na kalamu nyekundu, hata siku za Idi. Kila kitu alikisahihisha. Chai yangu ya kwanza kumkaribisha aliipa arobaini na tano. "Sukari umeiogopa," alisema, akaimaliza. Mume wangu alikuja likizo kutoka Voi, akakaa siku mbili akalalamikia joto, akarudi zake, na Mwalimu akampa ishirini na mbili. Nilikasirika siku nzima, ingawa mimi ningempa chini ya hapo. Hotuba za Ijumaa alizipa alama pia, ila hizo alimnong'oneza mkewe, Mama Hodan, naye alininong'oneza mimi, nami sikuwa mtu wa kuweka siri.

Kuhusu mafundi alikuwa na maneno yake. "Fundi," alisema, "ni mtu anayefungua kitu kizima, akakifunga, akabaki na skrubu tatu mkononi." Kwa hiyo redio alitengeneza mwenyewe, pampu ya maji mwenyewe, cherehani ya mkewe mwenyewe, na kila mara skrubu zilibaki. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati. Nilipomuuliza mbona kopo linakaribia kujaa, alinijibu bila kupepesa macho kwamba viwandani huwa wanaweka za ziada.

Gari lake lilikuwa Pijo kuukuu, ambalo zamani lilikuwa jeupe. Lilikuja na kitabu cha maagizo, na kitabu hicho nacho kilikuwa kimesahihishwa. Pembeni mwa kurasa ungekuta kwa wino mwekundu: "Haieleweki." "Rudia." Kwenye mchoro wa injini aliandika, "Mwanafunzi huyu hajawahi kuiona injini." Alitushurutisha watu wote tusome maagizo, na hata dawa ya kikohozi alimsomea mkewe karatasi yake yote kabla hajampa kijiko. Kwake yeye, maagizo yalikuwa ya wengine kufuata na yeye kusahihisha.

Lakini alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, na huo ndio unaonifanya niandike. Mtu huyu mwenye ulimi wa kumtoa jasho inspekta wa shule hakuwa na ulimi wa kumwambia mgeni aondoke. Mzee akishakanyaga kizingiti chake, mkeka ulitandikwa, birika likaja, na mzee akakaa hadi alipojisikia kuondoka. Hapo ukumbuke kwamba Waberi mtu akifungua boneti ya gari uani kwake, wazee wa mtaa husikia mlio wake hata kama wamelala. Walikuja mmoja mmoja, wakakaa chini ya turubai, wakatoa ushauri. Mshauri mkuu alikuwa dereva mstaafu wa malori ya Takaba, mzee ambaye hakuwahi kumiliki gari lakini alikuwa ameharibu mengi. Mwalimu hakufuata ushauri wa hata mmoja wao, wala hakumfukuza hata mmoja.

Alikuwa na mabinti watatu, Hodan akiwa wa kwanza. Kila alasiri aliwakalisha barazani akawafundisha kwa ukali uleule wa darasani. Watu walipomuuliza wasichana watafanya nini na hesabu zote hizo, alisema ni ili wasidanganywe sokoni. Wakaridhika. Mimi niliyeishi ukuta mmoja naye nilimsikia akiwafundisha mfumo wa damu na sheria za mwendo, na sikuona soko ambalo vitu hivyo vinauzwa.

Basi Hodan akafaulu. Barua ikaja kumwita kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana huko Kenya. Hivyo ndivyo tulivyosema: ukivuka daraja la Tana unakwenda "Kenya", na upande wetu hakuna aliyejisumbua kusema tulikuwa nchi gani. Aripoti Jumatatu, barua ilisema, na asiyefika nafasi yake itapewa mwingine. Mwalimu aliisoma barua ile mara nyingi, na kwa mara ya kwanza nikaona ameshika karatasi bila kutoa kalamu.

Shida haikuwa shule. Shida ilikuwa kaka yake mkubwa aliyeishi Diff, mpakani, ambaye wasichana walimwita Adeer, yaani baba mkubwa. Katika familia ile jambo kubwa halikufanyika bila neno lake. Alikuwa mzee wa maneno machache na bakora ndefu, na alikuwa tayari ametaja mara mbili mtoto wa kiume wa rafiki yake mwenye ngamia wengi. Mwalimu alimwomba ruhusa kwa redio koli, ile ambayo unazungumza na ndugu yako na mji mzima unasikiliza. Jibu la Adeer lilitoka likikwaruza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, kwa Kiswahili chake ambacho kila p ni b.

"Msichana habandi basi na wanaume. Ukibeleka wewe mwenyewe na gari yako, mimi nakuja kuona."

Alisema kuona, hakusema kukubali. Mama Hodan alilipima neno hilo siku tatu mfululizo, kila asubuhi kwangu, kila asubuhi kwa maana tofauti.

Na gari, kana kwamba nalo lilisikia redio koli, likachagua wiki ile kumaliza klachi. Mwalimu alikanyaga mafuta, injini ikanguruma hadi mbuzi wakakimbia, na Pijo ikabaki palepale. Ukimwelewa shetani wa magari utajua: klachi pleti, ile sahani inayoishikanisha injini na gia, ilikuwa imelika ikaisha. Fundi wa sokoni alikuja mwenyewe, kijana mpole, akasema atambadilishia kwa nusu siku, bila malipo, kwa ajili ya Hodan.

"Asante," Mwalimu alimwambia. "Nilikufundisha darasa la saba. Nakumbuka alama zako."

Pleti mpya ililetwa na basi kutoka Nairobi, ikafika Ijumaa ndani ya katoni. Jumamosi asubuhi Pijo ikapandishwa juu ya mawe uani, magunia ya nguo kuukuu yakatandazwa chini ili gia boksi lishukie juu yake, na wazee wakafika. Safari hii walihitajika, kwa sababu gia boksi ni zito, na walilishika huku kila mmoja akimwamuru mwenzake. Mwiko wangu wa ugali ulichukuliwa bila ruhusa, mpini wake ukachongwa, kwa kuwa kitabu kilitaka kijiti maalumu cha kuiweka pleti katikati. Nilipodai mwiko mwingine nilionyeshwa ukurasa. Na palepale, kwa sauti ya darasani, Mwalimu akanisomea mstari uliofuata, mara mbili: sehemu ya msuguano isiguswe kamwe kwa mkono wenye mafuta, maana pleti itateleza na kuungua. Pembeni ya mstari huo hakuandika kitu. Ulikuwa mstari pekee alioupasisha.

Jumapili, kabla ya adhuhuri, lori la mifugo likamshusha Adeer. Hakuja mikono mitupu. Alikuja na debe la nyirinyiri kwa ajili ya safari: vile vipande vidogo vya nyama ya ngamia vilivyokaangwa vikakauka, vikazamishwa ndani ya samli vikae miezi bila kuharibika. Lakini debe la nyirinyiri halikai limefungwa kama wageni wako uani. Likafunguliwa palepale chini ya turubai. Wazee watano wakalizunguka sinia, wakala kwa mkono, wakasifu ngamia, wakasifu aliyekaanga, samli ikawatiririka hadi kwenye viwiko. Mwalimu alikuwa chini ya gari, miguu yake tu ndiyo ilionekana.

Adeer akaangaza macho uani, akaiona pleti mpya ikimeta juu ya katoni yake.

"Hii ndio kitu itabeleka mtoto Kenya?"

"Ndiyo hiyo," akasema dereva wa Takaba. "Hii ndio roho ya gari."

"Lete nione roho."

Ikapita mikononi. Kila mzee aliipokea kwa vidole vyake vya samli, akaigeuza, akaipima uzito. Mmoja aliinusa. Dereva wa Takaba aliisugua kwa gumba na kutangaza kwamba hii ni nzuri kuliko zile za zamani kwa sababu inateleza. Mimi na Mama Hodan tulikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Nilitaka kutoka, naye akanishika mkono, kwa kuwa pleti ilikuwa imefika kwa Adeer na Adeer alikuwa ameinyamazia.

Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha akainua viganja, akasoma Fatiha, akasoma dua nyingine ndefu, wazee wakiitikia amin. Akaipulizia pleti. Akaipangusa kwa kiganja upande mmoja, akaigeuza, akaipangusa upande wa pili, polepole, bila kuacha mahali.

"Haye," alisema. "Aende."

Mama Hodan alinibana mkono hadi nikapata alama ya kucha. Alikuwa analia, nami nikalia pamoja naye. Halafu nikafuta machozi na kukumbuka samli. Nikatoka, nikainama kando ya gari, nikasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile pleti ina mafuta."

Miguu haikutikisika. "Jirani," sauti ilijibu, "rudi jikoni kwako."

Nikarudi nimevimba. Hiyo ndiyo shukrani yake, nilijiambia, mtu mwenye majivuno hivi hata akiokolewa atasahihisha kamba. Adeer alisogeza mkeka hadi ubavuni mwa gari, akachutama akitazama mpaka pleti ikaingia, gia boksi likapandishwa, bolti zikakazwa. Alasiri Pijo iliwaka, ikaenda hadi kona ya msikiti na kurudi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasema anakwenda kutafuta oili ya gia, akaondoka kwa miguu.

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, Waberi nzima ilitoka kuaga. Hodan na sanduku lake la bati nyuma, Adeer mbele na bakora yake, Mwalimu kwenye usukani akiwa ameinyoosha shingo. Walipoondoka, mtaa mzima ulibaki unanuka nyama ya kukaanga. Nilijua, na nikawa mbaya kiasi cha kufurahi kidogo kwamba nilijua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Hodan mwenyewe. Walivuka daraja, wakakaguliwa vitambulisho, wakajiunga na msafara wa magari yaliyokuwa yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Mbele kidogo ya Madogo, kwenye kimwinuko ambacho hata punda hakihesabu, moshi ukapanda kupitia sakafu na Pijo ikasimama. Basi likaja nyuma yao, likasimama pia. Dereva alichungulia, hakusema kitu, akangoja. Adeer akashuka. Akalitazama basi, akamtazama mtoto aliyekuwa amekumbatia sanduku lake barabarani. Angeweza kumrudisha nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu, maana sharti lake lilijulikana mpaka Wajir. Lakini Fatiha ilikuwa imesomwa mbele ya watu, na aliyeisoma ni yeye. Akainua bakora, ingawa basi lilikuwa limekwisha simama, akamshika Hodan mkono akapanda naye. Alikaa kati yake na wanaume wote wa basi lile hadi kwenye lango la shule.

Pijo ilirudi ikivutwa na punda wawili wa maji. Ilivuka daraja mchana, watu wamejipanga pande zote, na Mwalimu ndani akiendesha kana kwamba punda walihitaji usukani. Yule fundi wa alama za darasa la saba ndiye aliyeitengeneza, kwa nusu siku, kama alivyosema.

Oh, tulicheka! Darasa la sita lilikuwa likinusanusa kila alipoingia. Sokoni waliuliza kama klachi inahitaji chumvi. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, na sikucheka tu, nilisambaza. Nilisimulia kisa hiki katika chumba cha walimu, kwenye semina Embu, hata kwenye msiba Voi, na kila safari niliongeza mzee mmoja kwenye sinia. Nilikimalizia kwa kusema: mtu aliyesahihisha dunia nzima, mstari mmoja wa maana akashindwa kuufuata kwa sababu jirani mwanamke ndiye aliyemkumbusha. Nilimuuliza mbele ya watu kazi ile alijipa alama ngapi. "Sifuri," alisema, akaendelea kunywa chai yake. Nilidhani nimemweza.

Kule Diff, Adeer naye alikuwa na simulizi yake. Gari la Mwalimu lilishindwa, yeye hakushindwa. Binti wa pili alipofaulu, hakungoja kuombwa. Alikuja Garissa wiki nzima mapema, akashinda akiuliza basi linaondoka saa ngapi. Wa tatu vilevile.

Mwisho wa miaka ile nikapata uhamisho wa kurudi Voi. Nilikwenda kituo cha basi kukata tiketi, nikamkuta Mwalimu kwenye benchi. Alikuwa amestaafu, macho yamepungua nguvu, anamsubiri kaka yake arudi kutoka kumpeleka yule wa tatu. Nikakaa naye. Kwa mazoea nikamtania kwamba angekuwa na klachi nzuri angempeleka mwenyewe.

Hakucheka. Aligeuka kushoto na kulia kama mtoto anayetaka kumwonyesha mwenzake jibu.

"Niliona, walaal," alisema, yaani ndugu yangu. "Chini ya gari mtu anaona mikono ya watu wote. Niliona samli kabla yako."

"Sasa mbona hukufuta?"

"Kwa petroli? Nifute dua ya kaka yangu mbele ya macho yake?" Alishusha sauti. "Angesimama na debe lake, angekwenda, na lile 'aende' angekwenda nalo. Pleti inauzwa Nairobi. Lile neno haliuzwi."

Nikamwambia gari lingeweza kumwacha mtoto njiani, angekosa shule vilevile. Akatikisa kichwa. Ile Jumapili alasiri hakwenda kutafuta oili. Alikuja hapahapa, akakata tiketi mbili, akampa dereva wa basi, akamwomba: kesho ukiiona Pijo imesimama ng'ambo ya daraja, na wewe simama, usiseme kitu, mwache mzee akusimamishe.

Nilifikiria Embu, nilifikiria msiba wa Voi, watu waliokuwa wamejishika mbavu. Niliona aibu, aibu ya kutaka benchi linimeze. Nikamuuliza kwa nini miaka yote ile aliniacha niseme.

"Ukisema wewe, kaka yangu anaamini kweli nilishindwa," alisema. "Na nilikuwa bado na mabinti wawili nyumbani." Akapapasa kalamu yake mfukoni. "Wa mwisho ameripoti jana. Na wewe unahama."

Basi likafika. Adeer alishuka wa kwanza, bakora mbele, amezeeka lakini amenyooka. Aliponiona alitabasamu na kunisalimu, halafu akawageukia abiria na wapagazi, kwa sauti ya kusikika hadi barabara kuu.

"Watoto watatu! Wote mimi nabeleka! Huyu na gari yake alishindwa. Kama si mimi, saa hii iko nachunga mbuzi."

Watu walicheka, wakanitazama mimi, maana walijua kisa kile ni changu. Nilinyamaza.

"Kweli, walaal," Mwalimu alisema, akampokea mzigo.